Hakuwahi Kushika Fimbo, Ulimi Wake Ndio Uliochapa

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi, darasa la tatu. Msichana wa safu ya pili amesimama na kitabu, kidole kimenasa chini ya neno "mnyororo". Amesema "mnyo", akanyamaza. Amesema tena "mnyo".

Mwalimu yuko karibu na dirisha, mikono nyuma, midomo ameibana kama mtu aliyejaza maji mdomoni. Hamsaidii wala hamharakishi. Dakika nzima inapita. Nje mtu anafagia changarawe, na mfagio unasikika kuliko darasa.

"Mnyororo," msichana anasema hatimaye.

"Ndiyo. Endelea, mwanangu," mwalimu anajibu, na hapo ndipo anapopumua.

Kipindi kikiisha anamwonyesha mwandishi viganja vyake. Vina alama za kucha.

"Dakika ile nilikuwa na maneno matatu ya kumwambia, na yote yangewavunja wenzake mbavu," anasema. "Yalikuja yenyewe. Bado yanakuja."

Ana miaka hamsini na sita. Miaka miwili iliyopita hakuwa mwalimu wa darasa la tatu. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule hii hii, wanafunzi mia sita na kumi na wawili, walimu kumi na saba, na alikaa kwenye kiti hicho miaka tisa. Ofisi yake ya zamani iko hatua thelathini kutoka hapa tulipokaa. Hakufukuzwa. Barua ya kuomba kushushwa cheo aliiandika mwenyewe, kwa mkono.

Kabla hajaanza kusimulia aliweka sharti moja. "Usiniandike kama mtu aliyetubu akapona. Andika kwamba naona haya. Basi."

Ulimi wake una historia ndefu. Mama yake alikuwa mpishi wa shule, na yeye alikuwa mdogo kuliko wote darasani, hana viatu mpaka darasa la tano. Enzi hizo fimbo ilikuwa ndiyo salamu. Siku moja aliitwa mbele kuchapwa kwa kuchafua daftari. Akamwambia mwalimu, "Daftari ni safi, mwalimu, ila mwandiko wangu umekuja na vumbi la njiani." Mwalimu alicheka mpaka akaweka fimbo mezani.

"Nilikuwa na miaka tisa. Niligundua kwamba anayechekesha hapigwi," anasema.

Alipohitimu ualimu alijiapiza hatamchapa mtoto wa mtu, na kiapo hicho amekitunza miaka thelathini na mmoja. "Nilijisifia kila mahali. Kwenye semina, kwenye misiba, hata kwenye harusi ya binti yangu nilishika kipaza sauti nikasema sijawahi kushika fimbo. Watu walipiga makofi."

Alipopewa shule, mstarini asubuhi pakawa jukwaa lake. Aliyechelewa alipokelewa kwa heshima: "Karibu, bwana harusi, tulikuwa tunakusubiri wewe tu tuanze sherehe." Aliyechanika shati aliambiwa lina madirisha mengi kuliko ofisi. Aliyeshindwa mtihani aliambiwa, "Alama zako nimezitafuta kwa tochi." Watoto walimwita Sinema, na jina hilo alilipenda.

Shule ikapata sifa. Watoto waliwahi kufika ili wasikose mstari. Wazazi walisimuliana vichekesho vyake dukani. Mkaguzi alipita akaandika kwamba ni shule yenye furaha na utulivu, na sentensi hiyo ikabandikwa ukutani ofisini. Kwamba ule utulivu ulitokana na watoto kuogopa kufungua mdomo, hakuna aliyeliona. Au waliliona wakaligeuzia kisogo.

Mlinzi wa getini, ambaye yuko pale mwaka wa kumi na tano, anasema yeye aliliona.

"Mtoto wa darasa la kwanza anaingia hajui neno baya hata moja. Kabla muhula haujafika katikati anamwambia mwenzake, 'Kichwa chako kama sufuria la msibani.' Namuuliza umelitoa wapi. Kwa kiranja. Namuuliza kiranja. Kwa mwalimu wa hesabu." Mlinzi ananyoosha kidevu kuelekea ofisini. "Baba akikojoa amesimama, mtoto atakojoa akikimbia. Hayo ni maneno ya wazee, si yangu."

Je, alimwambia mkuu? Mlinzi anatazama viatu vyake.

"Ningemwambiaje, ndugu yangu? Na mimi alikuwa ananichekesha."

Aliyekuja kumwambia ni kundi la watoto wa darasa la sita, na wao wenyewe hawakujua kama wanamwambia kitu.

Ilikuwa siku ya wazazi, mwisho wa mwaka. Viti vimepangwa uwanjani, mwalimu mkuu mstari wa mbele, mkewe, ambaye ni mkunga, pembeni yake. Darasa la sita walikuwa na igizo kuhusu shule. Msichana mmoja aliigiza mwalimu mkuu. Aliweka mto tumboni, akaazima miwani, akatoka na ule mwendo wa kutanguliza kifua, akakohoa mara mbili kabla ya kusema, kama Sinema mwenyewe.

"Mimi ndiye niliyecheka wa kwanza," anasema. "Wengine walinifuata."

Katika igizo, "mkuu" alimwita mwanafunzi asome mbele ya wenzake. Mwanafunzi akasoma kwa kukwama. "Mkuu" akaweka kiganja shavuni, akafumba macho, akaanza kukoroma. Kisha akagutuka. "Samahani, mwanangu, wewe ukisoma hata kitabu kinasinzia."

Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko.

Igizo halikuishia hapo. Mwanafunzi yule alirudi nyumbani. Mdogo wake akamletea daftari amsomee. Kaka mtu akaweka kiganja shavuni, akakoroma. Mdogo mtu akaenda kwenye kona, akamkalisha mdoli wake, akamfungulia kitabu, akasubiri kidogo, kisha na yeye akamkoromea mdoli. Mwisho. Makofi.

"Nilikuwa bado nacheka walipofika kwa mdoli," mwalimu anasema. "Nikageuka nimtazame mke wangu, tucheke pamoja. Hakuwa anacheka."

Alipogeuka zaidi aliona mwanamke wa mstari wa tatu akisimama, akichukua mkoba wake, akipita katikati ya magoti ya watu kuelekea getini. Alimtambua. Ni fundi cherehani aliyeshona sare za nusu ya watoto waliokuwa pale. Binti yake alikuwa darasa la nne.

Hapo akakumbuka. Neno la kitabu kinachosinzia halikutungwa na darasa la sita. Lilikuwa lake. Alimwambia binti wa fundi, mstarini, muhula wa kwanza, mtoto akiwa ameshika karatasi ya tangazo kwa mikono miwili. Akakumbuka pia kwamba hajamwona mtoto huyo siku nyingi.

Waigizaji walimkimbilia huku bado wamevaa vya maigizo. Yule msichana wa mto tumboni alikuwa anahema. "Mwalimu, tumekupatia?"

Anaposimulia hapa mwalimu anasimama, anafunga dirisha lililokuwa limefungwa tayari, anakaa tena.

"Macho yao yalikuwa yanang'aa. Wangekuwa wananisuta ningejitetea, maneno ninayo. Lakini hawakuwa wananisuta. Walikuwa wananisifu. Waliona hivyo ndivyo mtu mkubwa anavyokuwa."

Akawajibu, "Mmenipatia."

Jioni ile, mkewe akisuuza vikombe, alimwambia maneno matatu tu: "Ulicheka wa kwanza."

Jumatatu alitoa rejista kabatini. Binti wa fundi alikuwa na siku arobaini na moja za "mtoro", zimeandikwa kwa wino mwekundu na mwalimu wa darasa. Chini ya kila mwezi palikuwa na sahihi ya mwalimu mkuu. Alikuwa ametia sahihi bila kusoma majina. Akachukua rejista za madarasa mengine. Watoto ishirini na watatu mwaka ule walikuwa watoro sugu au wameacha kabisa.

"Kumi na mmoja kati yao nilikumbuka nilichowaambia," anasema. "Neno kwa neno. Hao kumi na wawili wengine sijui kama sikuwaambia kitu au nimesahau. Sijui lipi ni baya zaidi."

Alikwenda kwa fundi siku ya pili yake. Chumba kimoja, cherehani mlangoni ili ipate mwanga, vipande vya kitambaa cha bluu sakafuni. Binti alikuwa amekaa mkekani akishona vifungo kwenye mashati ya sare, mashati ya wenzake.

"Shikamoo, mwalimu," mtoto alisema bila kuinua kichwa.

Mwalimu anakiri kwamba aliitikia marahaba akitazama cherehani. Fundi hakuacha kukanyaga cherehani.

"Mama, nimekuja kuomba radhi."

"Kwa lipi?"

"Kwa nililomwambia binti yako."

Cherehani ilisimama. Fundi anaikumbuka siku hiyo vizuri, na alikubali kuisimulia mwenyewe, akiwa amekaa kwenye kiti kile kile.

"Nilimwambia, mwalimu, wewe nimeshachoka kukulaani. Linaloniuma ni jingine. Mwanangu alipokuja kunieleza siku ile, na mimi nilicheka. Lilikuwa linachekesha kweli. Nikacheka mbele yake, na yeye ananitazama. Kesho yake akasema tumbo linauma. Kesho kutwa kichwa. Tangu hapo hasomi kwa sauti hata kibao cha duka."

Mwalimu, akitafuta pa kushika, alimwambia kwamba katika maisha yake hajawahi kumgusa mtoto kwa fimbo.

"Nikamjibu, fimbo ingekuwa imeshapona," fundi anasema.

Basi mwalimu alichuchumaa mkekani, akamwomba mtoto msamaha. Binti aliendelea kupitisha uzi kwenye tundu la kifungo. Alipomaliza akakata uzi kwa meno, akauliza, "Na wao utawaambia?"

"Kina nani, mwanangu?"

"Wote waliocheka."

Walimu wenzake hawakulipenda wazo hilo. Mwalimu wa hesabu alimwambia waziwazi kwenye chumba cha walimu, "Mzee, ukijivua nguo mbele ya watoto, sisi kesho tutasimama na nini?" Alikuwa na hoja, mwalimu anasema, lakini alikuwa ameshamwahidi mtoto.

Shule ilipofunguliwa, alisimama mstarini. "Wanangu, leo nataka kuwaomba msamaha."

Kicheko cha kwanza kilitoka nyuma, kwa wadogo.

"Nikawaambia, 'Sitanii.' Wakazidi kucheka. Ni haki yao. Miaka tisa kila nilipotaka kutania nilianza na 'sitanii'."

Akaendelea. Akasema alimdhihaki mtoto asiyeweza kusoma, kwamba lilikuwa kosa, kwamba aliwafundisha kucheka mtu anapoanguka. Watoto walisubiri sehemu ya kuchekesha. Sauti yake ilipokatika, walidhani ndiyo hiyo. Kiranja mmoja aliigiza ile sauti iliyokatika, na akaigiza vizuri. Mia sita wakashika mbavu.

"Nilisimama mpaka kengele. Kila neno la kweli lililotoka mdomoni mwangu lilifika kwao likiwa mzaha. Nilivuna nilichopanda, na nilivuna kwa magunia."

Msaidizi wake, mwanamama mpole ambaye ndiye mwalimu mkuu wa sasa, alikuwa pembeni ya mlingoti amefunika uso kwa daftari. Anasema hakuwa analia kwa huruma.

"Niliona haya kwa ajili yangu," anasema, ameketi kwenye kiti ambacho bado hajakizoea. "Mimi alinibatiza Pazia, kwa sababu niko kimya. Alinitambulisha hivyo kwa watoto siku yangu ya kwanza. Miaka sita mtu mzima naitwa Pazia, na naitika. Mtoto akiniona naitika, na yeye atamkatalia nani?"

Wiki ile wawili hao walipita darasa kwa darasa. Darasa la sita, lenye wanafunzi hamsini na wanne, waliwauliza watoto swali jepesi la darasa la nne. Mikono miwili ilinyooshwa. Kisha mmoja ukashuka.

Barua ya kujiuzulu uongozi ilimchukua jioni moja. Kukubaliwa kulichukua miezi mitatu. Ofisa wa elimu alimwita akamuuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, umekula hela ya nani?" Alipojibu hakula hela ya mtu, ofisa akauliza kama ni mgonjwa. Neno "haya" halikuwa na nafasi yake kwenye fomu.

Kushuka kulimgharimu posho ya madaraka, karibu robo ya mapato yake, pamoja na nyumba ya mkuu wa shule. Sasa yeye na mkewe wamepanga vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Ofisi ya elimu ingeweza kumhamishia shule nyingine, na wengi walimshauri akubali. Yeye aliomba abaki.

"Ukimwaga maji sebuleni kwa mtu, huchukui kofia yako ukaaga," anasema.

Mkuu mpya hakuleta miujiza. Mstari wake ulikuwa wa dakika tatu: matangazo, kisha darasani. Watoto walichoka. Wachelewaji waliongezeka mwezi wa kwanza, na kuna waliomuuliza lini Sinema atarudi. Mwalimu wa hesabu aliendelea na ulimi wake mpaka mkuu alipoanza kukaa dawati la nyuma kwenye vipindi vyake, bila kusema neno, wiki mbili mfululizo.

Siku moja mkuu alitangaza tarehe ya mitihani kimakosa. Kesho yake akasimama mstarini akasema, "Jana nilikosea. Tarehe sahihi ni hii." Watoto walitazamana. Hakuna aliyejua afanye nini, kwa sababu hapakuwa na cha kuchekea. Miezi kadhaa baadaye, anasimulia, akipita nje ya darasa la tano alisikia mtoto akisema, "Mwalimu, nimekosea, ngoja nirudie."

"Nilisimama pale kama mtu aliyeitwa," anasema.

Muhula huu walirudia jaribio la mikono darasa la sita. Walihesabu kumi na tisa. Mkuu anasema si wengi, ila safari hii hakuna ulioshuka.

Wakati wa likizo mwalimu alizunguka nyumba za wale watoto kumi na mmoja. Familia nne zilikuwa zimehama. Baba mmoja alimfungulia mlango, akamtazama, akaufunga. Msichana mmoja, sasa anasuka nywele sokoni, alimkaribisha kwa furaha. "Yamepita hayo, mwalimu," alimwambia, kisha akawageukia wateja wake akawasimulia kichekesho alichochekwa nacho miaka minne nyuma, na kikohozi cha mwanzo hakukisahau. Wateja walicheka sana.

"Alikuwa amekihifadhi kama sala," mwalimu anasema. "Yeye alisema yamepita. Mimi niliona yamekaa."

Binti wa fundi alirudi shuleni mwaka uliofuata, akarudia darasa la nne. Sasa yuko la tano. Kila asubuhi anapita mbele ya darasa la tatu, anaamkia, mwalimu anaitikia. Haijazidi hapo. Mwalimu wake wa sasa humwacha asome peke yake dawatini, kwa kunong'ona, na haijulikani lini atasoma mbele ya wenzake.

Je, amemwomba msamaha tena? Mwalimu anatikisa kichwa. "Mara ya pili ningekuwa namdai."

Amebakiza miaka minne kustaafu. Chuo cha ualimu cha jirani kimemwalika mara tatu azungumze na wanachuo wanaokaribia kwenda kufundisha kwa mara ya kwanza. Mara mbili alikataa. Sababu aliyowapa ni afya. Sababu ya kweli ni kwamba alijijua: angesimama mbele ya vijana mia mbili, na ndani ya dakika tano wangekuwa wanalia kwa kicheko.

Safari hii amekubali. Ni Ijumaa ijayo, nusu saa. Ameandika kurasa mbili, na kila jioni anazisoma kwa sauti jikoni huku mkewe akimenya viazi. Akichomeka kichekesho, mkewe anagonga sufuria kwa kisu. Jumapili aligonga mara saba. Jana mara mbili.

"Nikiwachekesha watanipenda," anasema, akikusanya madaftari ya darasa la tatu kifuani. "Wakinipenda wataondoka na kichekesho, na kesho yake watakitumia kwa mtoto wa mtu. Nataka niwaambie nilichofanya, niwaambie na jinsi nilivyocheka, halafu nikae chini. Wasipopiga makofi nitashukuru."